Mdogo au amedumaa? Mwongozo kamili wa kukadiria umri na ukuaji wa samaki wa bwawa Nyanda za Juu Kusini

Mfugaji wa Rungwe, Mufindi au Njombe anaponunua vifaranga vya sato, anaamini samaki wa sentimita saba aliyemo kwenye ndoo ana wiki chache tu tangu aanguliwe, na kwamba miezi yake ya kukua bado iko mbele. Mara nyingine ndivyo. Mara nyingine samaki huyo ana mwaka mzima, ameshakomaa, na akiingia bwawani ataanza kutaga badala ya kunenepa. Kwa macho wawili hao hufanana sana. Mfugaji hulisha pumba na mashudu miezi sita, anavuna samaki wa kiganja, kisha anaambiwa hakulisha vizuri.

Urefu wa samaki hausemi umri wake. Umri unapimwa kwa namna nyingine, na nyingi kati ya namna hizo zinawezekana hapa hapa kwetu kwa rula, mizani ndogo, kibano na hadubini ya maabara ya shule. Naandika kwa wafugaji, maafisa ugani na walimu wa biolojia, kwa sababu watu hawa watatu wakishirikiana wanaweza kufanya kazi ambayo wengi hudhani ni ya vyuo vikuu pekee.

Anza na joto la maji

Sato hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi joto kati ya 26 na 32. Yakishuka chini ya 20 ukuaji husuasua. Chini ya 17 samaki huacha kula. Yakifika 11 au 12 hufa. Kuzaa nako kuna sharti lake: hataanza kutaga mpaka maji yafike kama nyuzi 24.

Sasa panda na namba hizo kutoka Ziwa Nyasa. Kyela iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, bonde la Usangu karibu mita 1,000, Mbeya mjini karibu 1,700, na Njombe juu zaidi ya hapo. Kuanzia Juni hadi Agosti kipupwe kinashika, na bwawa la Makete au Njombe linaloingiza maji ya chemchemi mchana na usiku linaweza kukaa miezi mingi bila kuonja nyuzi 24. Samaki wa huko na samaki wa Kyela waliozaliwa siku moja hawatalingana hata kidogo wakifika miezi sita, hata wakila chakula kilekile.

Kwa hiyo kabla ya kugusa samaki, nunua kipimajoto. Pima kwenye kina cha sentimita 30, alfajiri na saa tisa alasiri, angalau mara mbili kwa wiki, na andika kwenye daftari lenye tarehe. Pima upande wa kutokea maji, kwa sababu penye mlango wa kuingilia panadanganya. Daftari hilo ndilo litakalotafsiri kila kitu kinachofuata.

Daftari hilo pia litakusaidia kutenganisha aina mbili za kudumaa. Kuna kudumaa kwa baridi, ambako samaki wote wanakwenda polepole kwa pamoja. Na kuna kudumaa kwa msongamano, ambako maji ni ya joto, samaki wanazaa mapema, na bwawa linajaa watoto wanaogombania chakula kilekile. La kwanza ni tatizo la milimani, la pili la mabondeni. Dawa zake ni tofauti kabisa.

Kuchukua sampuli

Tumia wavu wa kukokota unaopita bwawa zima, wenye macho madogo ya kuzuia hata vifaranga. Ndoano inachagua wenye njaa na wenye midomo mikubwa, na wavu wa macho makubwa unaacha nusu ya habari majini. Vua asubuhi kabla ya kulisha, ili tumbo lililojaa lisiongeze uzito wa uongo.

Samaki 50 ni kiasi cha chini; 100 ni bora. Chota bila kuchagua. Mkono wa mtu una tabia ya kukimbilia wakubwa, kwa hiyo mpe kazi hiyo mtu asiyejua unatafuta nini.

Pima urefu wote, kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, kwa milimita. Wengine hupima hadi kwenye shina la mkia tu, nayo ni sawa, ila usichanganye vipimo viwili kwenye daftari moja. Kwa uzito, mizani ya jikoni inatosha kwa samaki wa zaidi ya gramu 50. Kwa wadogo unahitaji mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, ile ndogo wanayotumia wanunuzi wa dhahabu Chunya. Futa maji kwenye mwili kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kupima.

Kipimo cha kwanza cha maana kinapatikana papo hapo, nacho ni hali ya mwili: uzito kwa gramu, mara 100, gawanya kwa urefu wa sentimita uliozidishwa wenyewe mara tatu. Samaki wa sentimita 10 na gramu 18 anapata 1.8. Mwenzake wa sentimita 10 na gramu 13 anapata 1.3, na huyo ana njaa au ugonjwa. Kipimo hiki hakitaji umri, lakini kinakuonya kwamba huyu ni mwembamba kuliko urefu wake unavyodai.

Chora chati ya urefu

Chukua karatasi ya grafu. Panga samaki kwa makundi ya sentimita moja moja na chora idadi ya kila kundi. Kama bwawa lilipandwa mara moja na hakuna aliyezaa, utapata mlima mmoja. Ukirudia baada ya mwezi, mlima huo utakuwa umesogea kulia, na umbali uliosogea ndio ukuaji wa mwezi huo.

Mlima mmoja usiosogea kuanzia Juni hadi Agosti ni baridi inayosema. Milima mitatu minne midogo, yenye rundo la vifaranga kushoto kabisa na samaki wa sentimita 10 wenye mayai mdomoni, ni msongamano. Majike ya sato na perege hubeba mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo fungua midomo ya majike wadogo uone. Samaki aliyedumaa anaweza kukomaa akiwa na gramu 20 au 30 tu. Ukimkuta jike wa ukubwa huo ana mayai, hapo hapo umepata ushahidi kwamba si kifaranga.

Chati ina kikomo chake. Milima ikiingiliana, na sato huzaa mara kwa mara maji yakiwa ya joto, huwezi tena kusema huyu ni wa uzao gani. Hapo ndipo unapohitaji kuingia mwilini.

Magamba, kama hutaki kuua

Chomoa magamba matano au sita ubavuni, nyuma ya pezi la kifuani, kwa kibano. Yaoshe kwa maji na tone la sabuni, yabane kati ya vioo viwili vya slaidi, angalia kwa ukuzaji mdogo wa hadubini. Utaona mistari myembamba inayozunguka kitovu. Mistari ikibanana, samaki alikuwa anakua polepole; ikiachana, alikuwa anakua haraka. Gamba lenye kitovu cheupe kisicho na mistari litupe: la kwanza lilidondoka na hili limeota baadaye, habari za utotoni hazimo.

Mimi huyatumia magamba kwa swali moja tu: je, samaki huyu alishapita kipupwe? Kwa zaidi ya hapo siyaamini. Samaki mwenye njaa, au jike aliyeacha kula kwa sababu ya kubeba mayai, huacha alama inayofanana na ya baridi, na gamba linaweza hata kulika pembeni.

Mawe ya sikio

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ndani ya kichwa cha samaki, kila upande, kuna vijiwe vitatu vya chokaa vinavyomsaidia kusikia na kujua chini ni wapi. Wataalamu huviita otolithi. Kwa sato, kile kikubwa kina urefu wa milimita chache. Jiwe hili huongezwa tabaka jipya kila siku, na tofauti na gamba, mwili hauli chokaa yake samaki anaposhinda njaa. Ni mwaka 1971 mtafiti Giorgio Pannella alipochapisha kwamba tabaka hizo ni za siku kwa siku, na tangu hapo umri wa samaki wa nchi za joto, ambao hawana majira ya theluji ya kuwaachia alama, umeweza kuhesabiwa.

Muue samaki kwa huruma. Mililita moja ya mafuta ya karafuu, iliyotikiswa kwanza kwenye spiriti kidogo, katika lita mbili za maji inatosha. Mwache dakika 10 baada ya matamvua kuacha kupepea. Samaki huyu asiliwe.

Usimhifadhi kwenye formalini. Formalini huwa na asidi, na asidi huyeyusha chokaa; utarudi baada ya wiki ukute mawe yameoza. Tumia spiriti kali, au mgandishe kwenye friji.

Kuyatoa mawe: mshike samaki mgongo ukiwa juu, kata kipande cha juu cha fuvu kwa kisu kikali, kuanzia juu ya macho kwenda nyuma, bila kuzama sana. Utauona ubongo. Uondoe kwa kibano taratibu. Nyuma yake, kushoto na kulia chini kidogo, kuna vishimo viwili, na mawe meupe yamo humo. Njia ya pili ni kufunua kifuniko cha matamvua, kuondoa matamvua, na kuvunja uvimbe wa mfupa ulio chini ya fuvu. Ni nzuri kwa samaki mkubwa. Kwa kifaranga, pasua kichwa kati kwa kati kwa wembe. Fanya mazoezi kwa vichwa vya samaki wa sokoni kwanza. Suuza jiwe kwa maji safi, toa utando kwa brashi ndogo, likaushe siku moja, liweke kwenye bahasha ndogo yenye namba ya samaki, tarehe na bwawa.

Kabla ya kufikiria hadubini, pima uzito wa mawe. Samaki akiacha kukua, jiwe lake halisimami, linaendelea kuongezeka. Kwa hiyo kati ya samaki wawili wa urefu mmoja, aliyekua polepole huwa na jiwe kubwa na zito zaidi. Chukua samaki 10 wa sentimita 8 ambao unajua kwa hakika ni vifaranga, na 10 wa sentimita 8 unaowashuku. Pima mawe yao kwa mizani nyeti ya maabara, ile inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu. Makundi mawili yakitengana wazi, jibu umelipata bila kuhesabu pete hata moja. Kwa kanda yetu naona hiki ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika.

Kisha tafuta kipupwe. Lizamishe jiwe kwenye maji ndani ya kisahani, chini weka kitambaa cheusi, mulika kwa tochi kutoka ubavuni juu, angalia kwa lenzi au ukuzaji mdogo. Sehemu iliyojengwa haraka huonekana nyeupe. Iliyojengwa polepole huonekana kama ukanda mweusi. Samaki aliyevuliwa Desemba akiwa na ukanda mweusi uliozungukwa na weupe ndani na nje, inaelekea alishakuwa hai kabla ya Juni. Akiwa hana ukanda, inaelekea amezaliwa baada ya baridi kuondoka. Nyanda za juu zinatupa alama hii kwa sababu ya baridi yetu. Kule Kyela utaipata kwa shida zaidi.

Kuhesabu siku

Unapohitaji tarehe ya kuzaliwa yenyewe, jiwe lazima lisuguliwe liwe jembamba la kupitisha mwanga. Libandike kwenye kioo cha slaidi kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, upande wa ndani ukiwa chini, na subiri ikauke kabisa. Sugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1200, malizia na 2000, daima ukiwa na maji. Baada ya kila misuguo michache angalia kwenye hadubini. Kitovu kikianza kuonekana, punguza mkono: misuguo mitano ya ziada inafuta wiki za kwanza za maisha ya samaki, na hazirudishiki. Ukifika katikati, geuza jiwe na usugue upande wa pili.

Weka tone la mafuta ya hadubini, anza na ukuzaji wa mara 400, nenda 1000 pale pete zinapobanana. Kila pete ni jozi ya mstari mng'avu na mstari mweusi, na upana wake ni sehemu chache tu kati ya elfu moja za milimita. Hesabu kutoka kitovuni kwenda ukingoni kwa kufuata njia iliyo wazi zaidi. Hesabu mara tatu, siku tofauti, bila kuangalia urefu wa samaki, na mtu wa pili ahesabu bila kuambiwa ulipata ngapi. Hesabu zenu zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, jiwe hilo liweke pembeni.

Samaki aliyevuliwa 20 Septemba na kukutwa na pete 112 alianza kuhesabu siku karibu 31 Mei. Ukishapata tarehe za namna hiyo kwa samaki 20 au 30, utaona bwawa lilizaa lini, na ukiweka kando daftari la joto, utaelewa kwa nini.

Kuna hatari moja ambayo kwa mabwawa ya milimani ni kubwa. Samaki akikua polepole sana kwenye baridi, pete zake hubanana kiasi kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kuzitenganisha. Utahesabu 90 mahali palipo na 150. Maana yake ni kwamba yule unayemshuku kuwa mzee ndiye utakayemfanya kijana kwa hesabu yako. Kwa hiyo kwa samaki wa maji baridi, chukulia hesabu ya pete kuwa umri wa chini kabisa, na ilinganishe na uzito wa jiwe na ukanda wa kipupwe. Baada ya miezi sita hivi ya maisha, hata kwa samaki wa maji ya joto, hesabu ya siku huchosha macho na kupoteza uhakika.

Hakikisha kabla ya kuamini

Hakuna anayepaswa kusema "pete moja ni siku moja" kwa bwawa lake bila kulijaribu. Watafiti wa Japani walifanya majaribio hayo kwa vifaranga vya sato na kuyachapisha mwaka 1981, wakionyesha kwamba mwanga, giza na chakula vina mkono katika jinsi pete zinavyojengeka. Bwawa lako lina mwanga na chakula chake.

Njia rahisi ni hii. Mkamate jike anayebeba watoto mdomoni, watoe watoto wake, andika tarehe, wafuge kwenye kizimba kidogo cha wavu laini ndani ya bwawa hilohilo. Chukua watano siku ya 30, watano siku ya 60, watano siku ya 90. Umri wao unaujua. Soma mawe yao na linganisha. Ukipata pete 58 kwa samaki wa siku 60, umeridhika. Ukipata 41, ama macho ama baridi vimekuangusha, na angalau sasa unajua kwa kiasi gani. Fanya jaribio moja miezi ya joto na jingine likipita kipupwe. Samaki hao ndio watakaokupa pia mawe ya kulinganishia uzito.

Kwa msaada wa maabara, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) ina kituo Kyela. Hadubini za shule za sekondari nazo zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii zikisafishwa lenzi.

Hesabu ya ukuaji

Ukiwa na umri na uzito, ukuaji ni hesabu fupi. Tuseme samaki wako walikuwa na wastani wa gramu 12 na baada ya siku 90 wana gramu 48. Wameongeza gramu 36, yaani gramu 0.4 kwa siku. Kipimo hiki kinafaa kulinganisha samaki wa ukubwa mmoja. Kwa ukubwa tofauti, tumia asilimia kwa siku: logi asilia ya uzito wa mwisho, toa logi asilia ya uzito wa mwanzo, gawanya kwa siku, zidisha kwa 100. Hapa ni 1.39 gawanya kwa 90, sawa na asilimia 1.54 kwa siku. Kikokotoo cha simu kina kitufe cha "ln", ndicho hicho.

Wanaosoma chuo watakutana na mlinganyo wa von Bertalanffy wa mwaka 1938, unaochora samaki anayekua haraka utotoni kisha kukaribia urefu fulani wa mwisho. Unafaa kwa samaki walioishi miaka kadhaa. Kwa bwawa linalovunwa baada ya miezi minane hauongezi kitu ambacho asilimia kwa siku haikukuambia.

Wanafunzi wa biolojia wa Iringa na Mbeya wakipata nafasi ya kwenda pwani, ujuzi huu utawafaa kwa ngisi pia. Ngisi hana mifupa wala magamba, lakini ana vijiwe viwili vidogo, statolithi, ndani ya gegedu la kichwa chini ya ubongo, na kwa spishi kadhaa zilizofanyiwa majaribio pete zake zimethibitishwa kuwa za kila siku. Vijiwe hivyo kwa kawaida havizidi milimita chache, kwa hiyo msasa uwe mwembamba na mkono mwepesi. Ngisi wengi wa maji ya joto hawafikishi mwaka mmoja, na hukua karibu maisha yao yote bila kusimama, ndiyo maana chati ya urefu na mlinganyo wa von Bertalanffy vimewapotosha wengi. Kwao hesabu ya pete ndiyo njia.

Kabla ya kulipia vifaranga

Mwombe muuzaji samaki watano wa kuchunguza, na uwalipie. Muuzaji mwenye vifaranga vya kweli hatakataa. Tazama midomo na matumbo ya majike kama kuna mayai. Pima hali ya mwili. Angalia macho: samaki aliyedumaa mara nyingi huwa na macho makubwa kuliko kichwa chake kinavyostahili. Kisha toa mawe, uyaweke kando ya yale ya vifaranga wako wa kizimba wa urefu uleule. Mawe yakiwa mazito waziwazi, usinunue, hata bei ikiwa nusu.

Na ukigundua samaki wa bwawa lako mwenyewe wamedumaa, chati na daftari vitakuonyesha pa kuanzia. Kama ni msongamano, kausha bwawa, vua wote, uza wakubwa kwa kitoweo, na panda upya kwa idadi unayoweza kulisha. Kama ni baridi, usibadilishe samaki kwanza. Punguza maji yanayoingia usiku, acha yale tu ya kufidia yanayovuja na kukauka, ondoa kivuli cha migomba na miti upande wa mashariki, na panga upandaji uwe Septemba ili miezi ya joto iwakute samaki wakiwa na umri wa kuitumia.